Nani Anatoboa Tangi la Dada?

Tarehe 3

Niandike kwanza jambo ambalo mji mzima unalijua ila watu hawana adabu ya kulisema: bila mimi, hapa watu wangekuwa wanakinga maji kwa viganja. Mabomba ya hospitali ni kazi yangu. Ya stesheni, kazi yangu. Mwaka ule bomba kuu lilipopasuka, nililiziba kwa mgongo wangu saa kumi na nne mfululizo. Wahandisi walipofika walinikuta nakoroma, na chini pakavu. Mkubwa wao alinivulia kofia. Akavua na miwani.

Daftari hili nimepewa na mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayefundisha kemia sekondari. Nyumbani tunamwita Mwalimu. Alisema, "Mjomba, hayo maneno yako ukiyaandika, masikio yetu yatapumzika." Nimelipokea kama sifa.

Mvua za kwanza zimeshuka leo mchana. Dada yangu ni mjane na ni dobi, na maji ya bomba ya mtaa huu yana chumvi, sabuni haitoi povu. (Chumvi si kosa la mabomba.) Kwa hiyo anafulia maji ya mvua. Tangi lake liko nyuma ya chumba cha pasi, la mabati yaliyopakwa zinki, refu kunishinda, limekaa juu ya matofali mwaka wa saba sasa. Maji yanatoka kwenye paa, yanafuata gata, yanaingia tangini kupitia Koo.

Koo ni mali yangu. Ni bomba nene la shaba nyekundu, lenye mdomo mpana, nililolifunga mwaka jana mvua zikielekea kwisha. Meneja wa benki ya zamani alinikabidhi kwa mikono miwili siku walipobomoa jengo. Akasema, "Chukua wewe, mwingine hatalitendea haki." Nyumba nyingine zote za mtaa huu zina plastiki. Nimemaliza.

Tarehe 5

Mvua. Nimepanda ngazi nikasugua Koo kwa limau na chumvi mpaka likawaka kama jua. Mengine hayana maana.

Tarehe 9

Tangi linavuja tena. Tundu moja, dogo, ungedhani limepigwa kwa sindano, upande wa chini. Dada akamwita fundi bati.

Huyu fundi bati nimweleze, maana huko mbele tutamhitaji. Ni mtu mwembamba, mpole kupita kiasi, anapiga mluzi akifanya kazi na hamalizi sentensi. Yeye ndiye aliyelitengeneza tangi enzi za marehemu shemeji yangu. Miaka sita hatukumtia machoni. Miezi minne iliyopita tangi likavuja kwa mara ya kwanza, akaitwa. Likavuja tena, akaitwa. Mara ya tatu hakuja na lehemu peke yake, alikuja na posa.

Anataka kumwoa dada yangu. Dada amekubali, tena kwa haraka isiyopendeza. Lakini baba yetu hayupo, kaka mkubwa ni mimi, na neno la mwisho ni langu. Nimewaambia nitajibu mvua zikiisha.

Leo alipofika akaniambia, "Habari za asubuhi, shemeji."

Nikamwambia, "Shemeji yako amezaliwa lini? Mimi bado sijajibu."

"Basi, fundi mwenzangu."

"Hapo napo, taratibu. Wewe unakunja mabati. Mimi nimenywesha mji."

Dada akacheka ndani, lakini najua hakunicheka mimi.

Ili wajue natafuta mume wa maana na si mume tu, nikainua mkono wangu wa kulia, nikawaonyesha pete. Wanaijua. Nilipewa na tajiri mmoja wa machimbo niliyemtoa shimoni kwa kamba za viatu vyangu. Nikatamka mbele ya dada, mbele ya Mwalimu na mbele ya huyo fundi: "Siku dada yangu atakapopata mume wa maana, dhahabu hii nitaivua mimi mwenyewe, nitamvisha yeye."

Fundi aliitazama pete kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mtu anayetazama sana dhahabu ya mwenzake si wa kumwachia nyumba.

Tarehe 10

Nimelala nikifikiri. Tangi likiwa zima, huyu mtu hana sababu ya kuja. Likitoboka, anakuja, anapewa chai, anapewa kiti changu. Sasa mniambie, nani anafaidika na matundu?

Tarehe 13

Tundu la pili na la tatu, siku moja. Akaja. Chai. Kiti changu.

Alipoondoka nikazungushia tangi majivu ya jiko, nikayalainisha kwa kipande cha ubao. Mtu akikanyaga, nimempata.

Tarehe 14

Kwenye majivu kuna nyayo za kuku, na zangu. Kuku nimemwondolea shaka.

Halafu mvua ikazoa majivu yote. Hata mvua inaonekana iko upande wake.

Tarehe 16

Leo imekuwa siku mbaya. Mwenye nyumba ya wageni, mama mmoja mnene wa sauti, kaja mwenyewe na furushi la mashuka. Ndiye mteja mkubwa wa dada. Akalitupa kwenye meza ya pasi.

"Mama Mwalimu, nilikuletea meupe, umenirudishia yenye ukurutu."

Kweli, mashuka yalikuwa na madoa, mengine ya buluu iliyopauka, mengine kama kijani cha maji ya bwawa. Dada akayageuza, akayanusa, akayakunja taratibu. Kumwona dada yangu akikunja shuka lenye doa si jambo dogo. Yule mama akampa mpaka mwisho wa mvua. Madoa yakiendelea, anahamia kwa dobi wa barabara kuu mwenye mashine.

Nikaenda moja kwa moja kwenye ushahidi. Fundi huwa na kichupa. Kabla hajachomelea lehemu anapaka dawa kwa brashi, na nilishamwuliza siku ile akakiri mwenyewe kwamba ni asidi. Asidi! Mtu anatia asidi kwenye tangi la dobi, mashuka yanaharibika, mimi peke yangu ndiye ninayeona.

Nikamweleza Mwalimu. Alikuwa anasahihisha madaftari, hakuinua hata kichwa.

"Mjomba, ile inasafisha ngozi ya bati ili lehemu ishike. Anapaka tone, anafuta. Na hata ingemwagika ingeyeyusha zinki, na maji ya zinki hayana rangi. Haya madoa yana rangi ya buluu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo zinki siyo inayopaka rangi. Kuna metali nyingine inaingia humo tangini."

"Anaileta yeye."

"Mjomba, tangi lilikaa miaka sita bila kuvuja tone. Lilianza kuvuja baada ya nini kubadilika?"

"Baada ya yeye kuanza kumtazama mama yako," nikamjibu, nikaondoka kabla hajanipa mtihani. Shule mimi niliacha darasa la sita kwa hiari yangu, mwalimu alikuwa ameishiwa.

Tarehe 17

Kidole cha pete kimeumizwa na spana. Nimekifunga kitambaa, pete ikiwa humohumo. Mvua nyingi.

Tarehe 18

Nimesugua Koo. Limau sita.

Tarehe 20

Nimemkamata. Naandika hata viatu sijavua.

Asubuhi tundu la nne lilijitokeza na dada akamwita. Mimi nikaaga kwamba naenda stesheni kuna mkuu wa reli anataka ushauri. Nikazunguka nyumba, nikaingia chumba cha pasi kwa dirisha. Siku za mvua dada huanika mashuka humo ndani, kamba tano, kutoka ukuta hadi ukuta. Nikasimama katikati ya shuka mbili za nyumba ya wageni, mbele yangu dirisha, nje ya dirisha tangi. Nilikaa hapo tangu saa tatu mpaka karibu saa tano. Sabuni ilikuwa inaniwasha pua.

Fundi akafika. Akaweka ngazi. Hakuanza kuziba. Akapiga tangi kwa kidole, akaweka sikio, kama daktari. Halafu akatoa mfukoni chuma chenye ncha, ule msumari wake wa kuchorea mabati, akaanza kuchokoa ukuta wa tangi. Hapa. Pale. Chini zaidi. Na mahali pa tatu nikaona kwa macho yangu mawili ncha ikizama na maji yakaruka kama uzi!

Nikapiga chafya.

Nilitoka na shuka moja kichwani, dada akapiga kelele akidhani mzimu, lakini nilipopata pa kutazama nilinyoosha kidole nikasema, "Huyo! Mtoboaji! Ana msumari mkononi!"

Fundi akashuka ngazi. "Shemeji, nilikuwa naangalia wapi pamekuwa..."

"Pamekuwa nini? Maliza sentensi leo!"

"Pembamba."

"Pamekuwa pembamba kwa msumari wako!"

Dada akasema, "Kaka, tafadhali."

"Dada, nimeona! Tundu hili halikuwepo. Yeye kalitoboa, sasa alizibe, anywe chai. Ndiyo biashara yake tangu mwanzo. Anatoboa njia ya kuingia nyumbani kwetu!"

Nilijisikia nimesema jambo zuri. Fundi alimtazama dada, akatazama juu, kwenye Koo, akatazama juu tena, akafungua mdomo. Halafu akaufunga. Akanitazama mimi. Mtu asiye na hatia husema. Huyu akafuta msumari wake kwenye suruali, akakunja ngazi.

Nikamwambia jibu langu asisubiri mvua ziishe, analo leo: hapana. Na geti hili asilisogelee.

Akasema, "Sawa, fundi." Hakuniita shemeji.

Dada hakulia. Alilichukua lile shuka nililotoka nalo, akalirudisha kwenye maji, akaanza kulifua upya, taratibu, kama mtu aliyebaki na shuka hilo moja tu duniani.

Tarehe 21

Matundu yote mawili nimeyaziba mimi kwa gundi na mpira wa tairi. Kazi ya hali ya juu.

Tarehe 22

Gundi imeachia.

Tarehe 24

Dada ananipa chai bila sukari. Nikimwuliza sukari iko wapi, ananiambia, "Iko mahali pake." Mwalimu anasema "shikamoo" kama anasoma tangazo la msiba. Nimewaokoa wanawake hawa na hakuna aliyenishukuru.

Tarehe 28

Tundu la sita na la saba.

Naandika tena ili niamini: la sita na la saba. Fundi hajakanyaga hapa siku nane. Geti lina kufuli, ufunguo uko shingoni kwangu. Nilitoka asubuhi nikakuta uzi wa maji, na hatua mbili mbele uzi mwingine, kila mmoja unacheza kivyake.

Kwa hiyo ana mshirika. Nimewapanga wote. Dobi wa barabara kuu: hanijui, na ukuta ni mrefu. Mama wa nyumba ya wageni: ngazi ingemkataa. Kuku: nilishamfuta. Anabaki Mwalimu. Leo nilimkuta juu ya ngazi, mkono chini ya Koo na kikombe cha kioo, anakinga maji yanayotoka mdomoni, kisha akashuka, akakimbilia ndani ameyafunika kwa kiganja. Nilipomwuliza akasema, "Kazi ya shule, Mjomba."

Mpwa wangu wa damu. Nimembeba mgongoni huyu.

Mvua inapiga bati tangu jana bila kupumzika. Usingizini nasikia tip, tip, tip.

Tarehe 2, mwezi mwingine

Tangi limekufa.

Ilikuwa saa nane mchana, mvua imekatika na jua limetoka, tangi limejaa hadi mdomoni. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, kiti ambacho sasa hakina mtu wa kukigombea. Nikasikia sauti kama mtu mkubwa anachana nguo. Ukuta wa chini, pale matundu yalipokuwa yamekaribiana, ulifunguka kutoka pembe hadi pembe, na maji yote yakatoka kwa pamoja. Yaliingia chumba cha pasi kupitia mlango, yakabeba beseni, yakabeba viatu, yakabeba furushi la mashuka safi la nyumba ya wageni lililokuwa linasubiri kuchukuliwa, yakalisukuma hadi kwenye matope ya uani, yakaliacha hapo.

Mimi nilijitupa kwenye ule mpasuko kwa mgongo. Niliwahi kuandika jinsi nilivyoziba bomba kuu saa kumi na nne. Hapa nilidumu kama muda wa kusema "mama".

Dada alikuja akasimama kwenye kizingiti na maji yakimpita miguuni. Hakunipigia kelele. Akasema tu, "Kaka, sasa nani katoboa?"

Niliangalia geti. Kufuli ilikuwa mahali pake.

Tarehe 4

Mwalimu kaita kikao. Mimi ndiye huwa naita vikao katika nyumba hii, lakini nilienda.

Juu ya meza ya pasi alikuwa amepanga mitungi mitatu ya jamu, mitupu, na kipande cha bati la tangi alichokikata kwenye mpasuko. Akanipa kile kipande. Upande wa ndani kilikuwa na vidoa vyekundu-kahawia, vidogo kama mbegu, na katikati ya kila kidoa kishimo. Vingine vilikuwa vimepenya.

"Mjomba, unaona msumari wa mtu hapo?"

Sikuona. Msumari huacha ukingo uliokunjika. Hivi vishimo vilikuwa vimeliwa, si kupigwa. Fundi yeyote angeona. Mimi ni fundi.

Akamimina maji mtungini, akatia mrututu, ule wa buluu wa kupulizia mimea. Akasema, "Mrututu una shaba ndani yake, imeyeyuka. Angalia." Akachukua msumari mpya wa chuma, akauning'iniza humo kwa uzi. Tukakaa. Nikamwambia yake ni mazingaombwe ya gulioni, kuna Mwarabu mmoja aliwahi kunigeuzia saa yangu kuwa njiwa. Dada akasema, "Kaka, nyamaza tuone."

Alipoutoa msumari, ulikuwa umevaa wekundu kuanzia kiunoni kwenda chini. Shaba. Nikaugusa, ukaniachia unga kidoleni.

"Chuma kimetoka, shaba imekaa mahali pake," akasema. "Sasa bati lenye zinki." Akatumbukiza ukanda mpya wa bati kwenye mtungi wa pili wa mrututu. Huo haukungoja. Ulianza kuwa mweusi papo hapo, ukaota manyoya ya kahawia, na buluu ya maji ikaanza kupauka mbele ya macho yetu. Kwenye mtungi wa tatu akamimina maji yenye zinki iliyoyeyuka, akatia waya wa shaba. Tukasubiri mpaka chai ikapoa. Waya ukatoka vilevile ulivyoingia.

"Metali hazina tabia moja," akasema, kwa ile sauti anayowafanyia watoto wa watu. "Zina foleni. Mbele kabisa ziko zenye haraka, kama sodiamu, ukiiweka kwenye maji inakimbia inaungua, lazima uitunze ndani ya mafuta. Zinafuata magnesi, alumini, zinki, halafu chuma, halafu risasi. Huko nyuma ndiko iliko shaba, na nyuma yake fedha, na mwisho dhahabu. Ya mbele iko tayari kujitoa, ya nyuma inapokea. Ndiyo maana bati hupakwa zinki: maji yakija, zinki inajitoa yenyewe ili chuma kipone. Sasa ukiweka shaba juu ya zinki, na maji yapite kwenye shaba kwanza, yatashuka na shaba kidogo kidogo. Kila chembe ikitua kwenye zinki, zinki inaisha hapo. Ikiisha, zamu ya chuma. Tundu."

Dada akauliza, "Na mvua nayo? Si maji matupu?"

"Ina ukali kidogo, Mama. Kidogo tu. Shaba ikiachwa inavaa koti lake la kijani, inapunguza kutoka. Lakini mtu akiisugua kila wiki kwa limau na chumvi..."

Hakumaliza. Siku hizi wamejifunza kutomaliza sentensi.

Nilimkumbuka fundi juu ya ngazi, macho yakipanda kwenye Koo, mdomo ukifunguka na kufungwa.

Nikasema, "Limau linang'arisha."

"Ndiyo, Mjomba. Linang'arisha. Kile kikombe, nilikuwa nakinga chini ya Koo kila mvua, nayapima maji shuleni. Ni shaba, siku uliyosugua imeshinda siku nyingine zote. Madoa ya mashuka ni hayohayo."

Kwa hiyo zinki ndiyo mtu anayejitoa mpaka anakwisha, na shaba ni mtu aliyekaa juu, anang'aa, anasifiwa, na kila anachokigusa chini yake kinatoboka. Sikupenda dada alivyonitazama wakati huo. Hakutazama kwa hasira. Ningependa hasira.

Nikauliza, ili kubadilisha mazungumzo, "Na dhahabu je?"

"Dhahabu haina habari na mtu," Mwalimu akasema. "Maji, jasho, limau, haibadiliki. Hata ngozi haiitii rangi."

Wote wawili wakatazama kitambaa kwenye kidole changu. Nikasema hii spana ilikuwa kubwa sana.

Tarehe 5

Nimeshusha Koo. Peke yangu, bila kuombwa. Nimefunga plastiki. Inafanana na nyumba zote za mtaa huu.

Tarehe 6

Nilienda kwenye karakana ya fundi bati. Ni kibanda chenye jiliwa moja la kubania mabati, mikasi ya bati ukutani kwa ukubwa wake, na jiko la kupashia lehemu. Alikuwa anakunja ndoo. Hakuacha kupiga mluzi, ila aliupunguza.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba, yenye mkuu wa reli na kila kitu. Ilinipotea. Nikasema, "Ni Koo."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Tundu la pili." Akaweka nyundo chini. "Vidoa vilikuwa vyekundu. Kutu ya kawaida haina wekundu ule."

"Mbona hukusema, wewe mtu?"

Hapo kwa mara ya kwanza akamaliza sentensi, tena ndefu. "Fundi, Koo lilikuwa lako, na kila mtu alikuwa anajua linavyokupendeza, na wewe ndiye ulikuwa na neno la kunipa au kuninyima dada yako, ningekwambia umeharibu tangi lake ungenipa jibu gani? Nikaona nizibe tu, mpaka uone mwenyewe."

"Kwa hiyo ulikuwa unaziba matundu yangu."

"Chai ilikuwa nzuri."

Kimya chake kimegharimu tangi, nikamwambia, na yeye akakubali kwamba hilo ni kweli, na kwamba alikuja na ule msumari ili ajue limebaki muda gani. Tukawa tumekoseana sawasawa. Kosa langu lilikuwa na uzito kidogo zaidi. Kidogo.

Nikamwambia, "Kesho njoo na vipimo. Tangi jipya. Na jibu langu ni ndiyo." Kisha, kwa sababu alikuwa ananitazama tu: "Shemeji."

Tarehe 15

Mvua zinapungua. Tangi jipya limesimama. Mashuka matatu ya kwanza yametoka meupe, dada akayapeleka mwenyewe kwa yule mama. Mama aliyageuza, akayanusa, akasema atatuma mengine kesho. Chai ina sukari.

Nimewaeleza majirani jinsi nilivyogundua habari ya shaba na zinki. Mwalimu alikuwa karibu, alikohoa.

Tarehe 23

Leo fundi kaja rasmi na kaka yake. Tumekaa chumba cha pasi, mashuka yamesukumwa pembeni. Nikazungumza kama mkubwa wa nyumba, vizuri sana, mpaka kaka yake alisinzia kwa heshima. Nikatoa idhini mbele ya wote. Hapo nilipaswa kuketi.

Dada akasema, "Na ile pete, kaka?"

"Pete gani?"

"Uliyoapa. Siku nikipata mume wa maana."

"Mbele yetu sisi," Mwalimu akaongeza, amekaa vizuri kabisa kwenye kiti chake.

Nikasema kidole hakijapona. Dada akasema wiki tano ni nyingi kwa kidole, alete maji ya sabuni. Akaleta. Nilifungua kitambaa nimewageuzia mgongo, nikasokota, nikavuta, ikatoka. Nikaificha ile sehemu ya kidole chini ya kwapa. Nikampa fundi pete, maana mkono wake ndio uliokuwa karibu.

Aliipima kiganjani. Akapitisha ukucha kwenye ukingo wa ndani. Mtu aliyeshika metali maisha yake yote hahitaji mitungi ya jamu. Nilimwona anajua. Kaka yake alikuwa ameamka. Dada alikuwa anatabasamu ananitazama mimi, si pete, kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Nikangoja. Neno lake moja lilikuwa linatosha kunimaliza mtaani, na alikuwa na kila sababu ya kulisema.

Akasema, "Dhahabu nzito hii. Siwezi kuichukua kwa mtu aliyeipata kwa kuokoa roho ya mwenzake. Shemeji abaki nayo." Akatoa mfukoni pete nyembamba aliyoifua mwenyewe kutoka kijiko cha fedha cha mama yake, akamwonyesha dada. Dada akasema hiyo ndiyo aliyokuwa anaitaka hata hivyo.

Nilimsindikiza hadi getini. Kaka yake alipotangulia, aliinama kidogo, akaninong'oneza: "Nusu inchi au robo tatu?"

"Robo tatu," nikasema.

Akapiga mluzi akaenda zake.

Tarehe 24

Jua kutwa. Mvua zimekwisha, na kurasa zimebaki chache, basi niandike hili kwa sababu hakuna anayesoma daftari hili isipokuwa mimi, na Mwalimu nikiwa sipo.

Hakukuwa na tajiri wa machimbo. Pete yangu ni ile pete ya shaba ya njano inayokaa ndani ya kiungio cha bomba la robo tatu ya inchi, inayobanwa na nati ili maji yasivuje. Ilibaki siku nilipofunga bafu la stesheni, bafu moja. Niliipiga tupa alasiri mbili mpaka ikakaa vizuri. Spana haijanigusa. Kidole kimekuwa cha kijani tangu mwezi uliopita, na limau nimejaribu, haliitoi rangi hiyo.